Mwizi wa Arobaini

Sufuria ya pilau ilirudishwa. Hilo lijulikane kabla Mwishehe hajaanza kukimbia.

Mwishehe ni Mzaramo wa Temeke. Kwenye arobaini ya jirani yake, Mnyamwezi, alifanya kama mtani yeyote anayejua wajibu wake: alijitwisha sufuria ya pilau, akatimka nayo uchochoroni. Watu wakamfukuza wakipiga ukelele wa mwizi, mbavu hawana. Mjane, Mama Kulwa, akaikomboa kwa soda mbili, sufuria ikarudi jikoni, dua ikaendelea.

Tatizo ni Farhan, mpiga video wa maharusi, aliyekodiwa siku hiyo. Aliikata kanda pale Mwishehe anapopinda kona, akawa anaionyesha kwenye banda lake la video kabla ya filamu ya Kihindi. Watu wakaipenda, ikanakiliwa, ikafika Ubungo. Ikafika na Vingunguti machinjioni, ambako Mwishehe hununua utumbo wa supu anayouza.

Jumatatu asubuhi alimkuta Gozbert, aliyemuuzia utumbo miaka sita, ameshika kisu na hakati.

"Braza, si wewe uliyeiba chakula cha msibani?"

Mwishehe akaanza kueleza utani wa Wazaramo na Wanyamwezi. Gozbert katoka Bukoba. Hakuwahi kuwa na mtani wa kumwibia pilau. Vijana wakasogea. Mmoja akalitaja lile neno ambalo mjini humu limeshaua watu kwa kuku mmoja. Mwishehe akatupa ndoo, akakimbia, na hapo ndipo alipokosea, maana alikimbia vilevile kama kwenye kanda: mabega juu, nyayo nje. Aliyekuwa na shaka, ikamtoka. Jiwe likamkuta kisiginoni.

Alipomfuata bandani kwake, Farhan alimwambia asikuze mambo, watu wanacheka tu.

"Wanacheka wakiwa wamekaa," Mwishehe akamjibu. "Wakisimama hawacheki."

Akachechemea mpaka kwa Mama Kulwa, akamsihi aende Vingunguti akamsemee. Mama Kulwa yumo edani, siku zake bado themanini na kitu, mguu wake hauvuki kizingiti.

"Mtani wangu, mie nikitoka leo, wewe watakusahau, watanipiga mawe mie," alisema nyuma ya pazia. Halafu akamtuma bintiye kwa Gozbert: anataka utumbo, na mwenye utumbo aulete mwenyewe.

Gozbert alipofika alimkuta Mwishehe uani, anasugua sufuria ileile kwa mchanga.

"Ndiyo hiyo," sauti ikatoka paziani. "Aliirudisha, ila minofu sikuiona. Ndiyo maana namwoshesha."

Gozbert akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Mie nimeamini, mama. Ila pale tupo mamia, na kila siku anakuja mwingine aliyeiona kanda jana."

Kwa hiyo siku hizi utumbo anauleta Gozbert kwa baiskeli. Mwishehe anauza supu yake huku shingo haitulii. Na hakimbii tena. Juzi mvua iliwakuta watu barabarani, Temeke nzima ikatimka kutafuta vibaraza. Yeye akatembea katikati, taratibu, analowa.