Ndama wa Mzee Tluway

Kabla sijaeleza jinsi Landrova yangu ilivyodaiwa kwa sheria za ng'ombe, niseme wazi kwamba mimi si mtu wa kudaiwa kirahisi. Jina langu ni Kissa, Mnyakyusa, nafundisha fizikia sekondari hapa Katesh, na hasira zangu ziko karibu. Wanafunzi wanalijua hilo. Walimu wenzangu pia wanalijua, ndiyo maana hakuna anayeniuliza mara mbili kwa nini mwanamke mzima hushinda Jumamosi chini ya gari, mgongo kwenye gunia, miguu nje.

Jibu ni kwamba napenda. Baba yangu alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya chai kule Rungwe, na kati ya watoto wote mimi ndiye niliyemshikia taa. Wengine hupumzika kwa kusuka vitambaa, wengine kwa kwaya. Mimi nikifungua pampu ya breki, nikaisafisha, nikairudisha, halafu gari likasimama pale nilipotaka lisimame, nasikia raha mpaka chakula cha jioni kinakuwa kitamu.

Landrova yenyewe niliipata ikiwa haitembei, imetelekezwa nyuma ya ghala la mahindi. Ni 109, ile ndefu ya zamani, rangi ya bluu iliyofifia. Niliivuta hadi nyumba niliyopanga Jorodom, upande ambao tope la yale maporomoko ya mlima halikufika, na mwenye nyumba akaniruhusu nijenge kibanda cha mabati. Injini yake ya petroli ilikuwa imekufa siku nyingi, nikaweka ya dizeli niliyoitoa kwenye pikapu iliyopinduka. Tatizo likabaki giaboksi. Ya kwake ilikuwa na meno machache kama bibi yangu, na ile ya pikapu haikukubali kabisa kukaa pale. Nilitafuta Babati, nikatafuta Singida, nikapiga simu hadi Arusha. Hakuna kitu.

Ndipo mwalimu Urban, anayefundisha jiografia na ni mzaliwa wa Bashay huko Mbulu, akaniambia kwamba kwao kuna mzee ana gari kama langu, jekundu, halijatembea tangu yeye Urban akiwa mtoto. Kuku wanataga humo.

Nilikwenda Jumamosi hiyohiyo. Nilimkuta Mzee Tluway akiwakatia ng'ombe majani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za kwetu, za wazazi, za mifugo ya wazazi, na kama mvua ya kwetu ilikuwa nzuri. Nilijibu zote huku jicho moja likiwa kwenye Landrova iliyosimama kando ya zizi. Niliporuhusiwa kusema shida yangu, sikuzunguka. Nikamwambia nataka kununua giaboksi.

"Siuzi," akasema.

"Basi niuzie gari zima."

"Gari ndiyo siuzi kabisa." Akamtazama kuku mmoja akiruka kutoka dirishani. "Lakini wewe unapenda hivi vitu. Naona mikono yako. Naweza kuliweka kwako."

"Kuliweka vipi, mzee?"

"Kama ng'ombe. Mimi nina ng'ombe kwa watu, wengine Dongobesh, wengine hata Basotu. Anayekaa naye anamtunza. Maziwa anakunywa yeye, samadi anaweka kwa shamba yake. Ndama akizaliwa ni wangu."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa kizee, namna ya kunipa bure bila kuonekana anatoa bure. Nikamwambia, "Sawa, mzee. Hili likizaa nitakuletea mapacha."

Yeye hakucheka. Alimwita jirani yake, Mzee Akonaay, aje asikie, na binti yake Bernadina akatuletea kibuyu cha pombe ya kienyeji. Akonaay akasema maneno marefu kidogo ya Kiiraqw, yaliyofanana na sala. Nikaambiwa ninywe, nikanywa. Baada ya siku chache lori lililopeleka mbolea huko likarudi Katesh na Landrova nyekundu mgongoni.

Sitamchosha mtu kwa kila nati. Ila wapenzi wa magari wataelewa nikisema injini ya lile jekundu ilikuwa imeganda, lakini giaboksi ilitoka nzima, oili yake nyeusi lakini haina hata chembe ya chuma. Nilichongesha sahani ya kuiunganisha na injini ya dizeli, ikakosewa, nikachongesha nyingine. Kutoka kwenye gari jekundu nikachukua pia difu ya mbele, milango miwili na usukani. Nikafunga breki za diski. Nikaweka viti vya basi, maana vya zamani vilikuwa vya kumwadhibu abiria. Siku nilipopanda mlima wa Bashnet bila maji kuchemka, niliimba peke yangu ndani ya gari, kwa sauti ambayo kwaya isingenikubali.

Nililipenda gari lile. Nilikwenda nalo Basotu ziwani, nikaenda nalo Babati bila sababu yoyote, nikawapa lifti watu ambao hawakuomba. Kitu kimoja tu kilinishangaza: Jumamosi zilikuwa ndefu. Nilikaza nati zilizokwisha kukazwa. Nilifungua boneti, nikaangalia, nikafunga.

Siku moja ya mnada nilikuwa naupaka nta mlango usioihitaji, nikasikia hodi. Alikuwa Mzee Tluway, amevaa koti, fimbo mkononi. Tulisalimiana. Kisha akaanza kulizunguka gari vilevile watu wanavyomzunguka ng'ombe mnadani. Alishika tairi, akainama kuchungulia chini, akafungua mlango, akaufunga na kuusikiliza.

"Amekua vizuri," akasema. "Ndama."

Nilidhani bado tunataniana. Nikatabasamu. Akasema amekuja kuniuliza ni lini ningeweza kumpeleka Bashay, au kama ni vigumu, angemtuma Bernadina aje amchukue.

"Mzee, gari lako ni lile pale." Nikamwonyesha chasisi nyekundu niliyoipandisha juu ya matofali. "Hili ni langu. Bodi yangu, chasisi yangu, na injini nimeweka mimi."

"Injini si ya kwangu, kweli," akasema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Hiyo ni dume. Dume anaweza kutoka boma lolote. Lakini mwenye dume hadai ndama, mwalimu. Ndama anamfuata mama."

"Na chasisi je?"

"Hayo ni majani. Umemlisha vizuri, nakushukuru." Akafikiri kidogo. "Ulisema mapacha. Mimi sidai mapacha. Mmoja anatosha."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia gari si ng'ombe, kadi ya gari ina jina langu, na kama hataki kuelewa aende polisi, aende mahakamani, aende anakotaka. Wapita njia walisimama. Mzee Tluway alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akaomba maji ya kunywa, nikamletea, akanywa, akashukuru, akaondoka ili awahi usafiri.

Jumatatu nilimsimulia Urban ofisini kwetu, nikitegemea ataniunga mkono au walau atacheka.

"Kisheria haki ni yako, madam," akasema. "Hakuna askari atakayekugusa."

"Basi yameisha."

"Yameisha." Akaendelea kusahihisha madaftari. "Ila ulikunywa mbele ya Akonaay."

"Kwa hiyo watanifanya nini? Watanilaani?"

"Nani alaani kwa ajili ya gari? Ukipita watakusalimia."

"Halafu?"

"Basi. Watakusalimia."

Ningepata nafuu kama angesema watanilaani. Laana ningeicheka.

Jumamosi ile nililitoa gari nikaenda nalo upande wa Basotu, kujithibitishia kwamba ni langu. Lilikwenda vizuri mno, na huo ndio ukawa ubaya wake. Kila nilipobadilisha gia, gia iliingia laini, na kila ilipoingia nilimkumbuka aliyenipa. Yule mzee hakunijua. Nilimwendea mgeni, mwanamke mwenye grisi kwenye nyusi, naye akanikabidhi gari lake zima bila hati, bila hata kuniomba namba ya simu, kwa sababu nilisema sawa na nikanywa. Masharti aliyasema yote, kwa Kiswahili, mchana. Kama nilisikia utani, masikio yalikuwa yangu. Bila giaboksi ile nisingekuwa na gari, ningekuwa na banda la kuku la bluu. Na mimi ndiye ninayewaambia watoto darasani kwamba ahadi ni deni.

Niligeuza kabla sijafika ziwani. Sikukaa nalo hata siku moja zaidi ya ilivyohitajika: nilibadilisha oili, nikajaza maji ya breki, nikaangalia upepo wa matairi, na baada ya misa ya Jumapili nikashika njia ya Dareda kuelekea Bashay. Njiani nilipanga hotuba ndefu. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye heshima na lawama kidogo.

Hotuba yote ikaishia kwenye shikamoo. Nilipomwona Mzee Tluway akitoka mlangoni nilimpa ufunguo kwa mikono miwili.

"Bado umekasirika?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Ndama asiyeliliwa hakutunzwa."

Akamwita tena Akonaay aje aone. Bernadina ndiye angeendesha. Ana leseni, na huendesha trekta la wajomba zake msimu wa kulima. Niliingia naye ndani, yeye nyuma ya usukani, mimi pembeni, mahali ambapo sikuwa nimewahi kukaa. Nikaanza kumfundisha. Asubuhi za baridi awashe hita kwanza, asiwe na haraka. Gia ya pili asiilazimishe, aipitishe nyutro, asubiri kidogo, itaingia yenyewe. Akisimama mlimani aweke na jiwe, hata kama breki ya mkono inashika. Kila nilichosema kilikuwa kitu nilichokijua kwa mikono yangu, na nilipokitamka nilikiona kinaondoka kwangu. Nililia. Sioni aibu kusema. Bernadina alitazama mbele kwa heshima mpaka nikamaliza.

Kisha akaliondoa. Mara ya kwanza gia ililia, nami nikauma midomo. Mara ya pili ikaingia. Hatukuwa tumefika mbali akasema, "Mwalimu, mbona linavuta kushoto kidogo?"

Ni kweli lilikuwa linavuta kushoto kidogo. Nililijua hilo mimi peke yangu, na sikuwa nimemwambia. Niliona wivu, halafu, sijui kwa nini, nikaona nafuu.

"Kaza springi ya kulia," nikamwambia. "Nilikuwa nimeiacha kwa ajili ya Jumamosi."

Tuliporudi, wazee walikuwa wamekaa nje na kibuyu kiko tayari. Mzee Tluway aliniuliza kama chakula kwanza au neno kwanza. Nikasema neno.

"Huyu amerudi," akasema, akionyesha gari kwa fimbo. "Wa kwanza akirudishwa vizuri, wa pili ni wa yule aliyetunza. Ndiyo desturi. Na yeye anakuwa na ng'ombe wake."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Mzee, yule mama amebaki mifupa. Hana giaboksi, hana difu ya mbele, hana milango. Nimemkamua mpaka basi."

"Amekonda," akasema Mzee Tluway. "Aliyekonda si tasa."

Akonaay akasema maneno yake marefu. Safari hii niliomba nitafsiriwe kabla sijanywa. Wazee wakacheka sana, Bernadina akatafsiri, nikanywa. Tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na nilikula kama mtu aliyebeba mizigo siku nzima.

Bernadina alinipeleka Dongobesh kupanda basi. Hakuligonga shimo hata moja ambalo mimi ningelikwepa. Alisema kesho yake ataanza kubeba maziwa, na kwamba kuna mama mjamzito kitongoji cha juu ambaye mumewe alikuwa tayari amekuja kuuliza kama kweli gari limefika. Niliposhuka, niliupapasa mlango, nikaufunga taratibu. Sikuangalia nyuma, maana ningeshauri kitu.

Ndani ya basi nilikaa dirishani nikijiandaa kuhuzunika mpaka Katesh. Huzuni ilikuja, ikakaa kidogo. Kisha nikaanza kufikiri kwamba ile chasisi nyekundu haina kutu hata mahali pamoja. Nikafikiri kwamba kwa kuwa bodi yake ya nyuma imeoza, hakuna sababu ya kuliacha lile gari refu. Lingekatwa. Lingekuwa fupi, la turubai juu, springi zimeinuliwa, gari la kupita popote. Tulipokuwa tunateremka Bashnet nilikuwa nimeshalikata, nimeshalichomelea, na nilikuwa nabishana na nafsi yangu kuhusu rangi.

Dareda, wakati tunasubiri gari la Katesh, nilimpigia Urban simu.

"Madam, umelipeleka?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa pole.

"Nimelipeleka. Sikiliza, wewe unajua watu. Natafuta injini ya Landrova, na giaboksi pia."

"Hiyo rahisi. Kuna jamaa Endasak anauza..."

"Sitaki ya kuuzwa," nikamwambia. "Nitafutie mtu asiyeuza."