Mikono ya Kulia Arobaini na Mmoja

Ijumaa asubuhi Karwirwa aliketi kwenye kigoda nje ya jiko la wifi yake Peninah, ungo magotini, akichambua maharagwe ya watu arobaini na mmoja. Alitoa mawe, akatoa punje zilizotobolewa na wadudu, makapi akawatupia kuku. Jiko lake mwenyewe lilikuwa chini ya udongo tangu Jumanne, pamoja na nyumba, ng'ombe mmoja mwenye mimba, na mumewe Mithika.

Ilikuwa Novemba 1997, mwaka wa mvua ya Elnino. Mvua ilikuwa imenyesha wiki tano juu ya kijiji cha Karumaru, upande wa Mikinduri, mpaka kilima kikachoka kusimama. Kiliposhuka, Karwirwa alikuwa sokoni akiuza ndizi. Mithika alikuwa amerudi bomani kumfungua ng'ombe, kwa maana alikuwa mtu wa kumhurumia mnyama kwanza na nafsi yake baadaye.

Naibu wa chifu alifika Jumatano na mwavuli wake. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema kilima hakijamaliza. Jumatatu jioni mahali pale patafungwa, mchungaji ataombea udongo, na aliyemo atahesabiwa kuwa amezikwa.

"Mithika hajazikwa," Karwirwa akamwambia. "Amefunikwa tu. Kuzikwa ni watu wakuweke."

Naibu wa chifu alisema pole. Hata hivyo, Jumatatu ilibaki kuwa Jumatatu.

Ndipo Alhamisi wakakutana kanisani. Mzee Koome, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuwa na moyo mkubwa wa huruma. Hakuna aliyehitaji kuambiwa hivyo na mtu mwingine, kwa sababu yeye mwenyewe alisema hivyo kila Jumapili. Siku hiyo alisimama mbele, akafuta macho kwa leso, akasema halali usingizi akiwaza watu wa Karumaru.

"Msiba wa mama Mukiri ni msiba wetu," alisema, akimwonyesha Karwirwa. "Nani atakuja Jumamosi tumtoe mzee Mithika? Inua mkono tuone."

Mikono arobaini na mmoja ilipanda juu, wa mzee mwenyewe ukiwa juu kuliko yote. Peninah aliihesabu mara mbili. Upande ule desturi ni kwamba mwenye kazi hupika kulingana na mikono iliyoinuliwa. Aliyeinua mkono akikosa sahani yake, aibu ni ya mwenye kazi. Kuhusu aliyeinua mkono akakosa kuonekana kazini, desturi haikuwa imesema kitu.

Jumamosi saa moja asubuhi, waliosimama mbele ya udongo walikuwa watatu: Karwirwa, Peninah, na Bile, Msomali wa Maua aliyekuwa na lori la kubebea ndizi. Bile hakuwa amekwenda kanisani, wala hakuna aliyemwomba lolote. Alikuwa amesikia sokoni, akaazima sepetu ishirini na mbili kutoka kwa watu anaowajua, akaja.

"Mama, wengine wako wapi?" aliuliza.

"Wako njiani," akasema Karwirwa. Hakuwa na hakika, lakini maharagwe yalikuwa tayari motoni.

Walikuwa wamechimba kama nusu saa mikono ilipofika. Ilikuja kwa ile njia ya kutoka kanisani, mmoja nyuma ya mwingine, ikitembea kwa vidole na kuruka madimbwi. Yote ilikuwa ya kulia, kwa maana huo ndio mkono ambao watu huinua. Penye kifundo palikuwa pamefungika laini kama kitako cha kikombe. Hakukuwa na damu. Peninah aliihesabu ikipita.

"Arobaini na mmoja," alisema. "Imetimia."

"Basi ionyeshwe sepetu," akasema Karwirwa.

Shida ilikuwa kwamba mkono mmoja hauwezi sepetu. Bile alijaribu kueleza, lakini mikono ilikuwa imeshaelewa na ikaanza kushikana miwili miwili, mmoja juu ya mpini, mwingine chini. Haikuchaguana. Mkono wa mzee Koome, ambao kila mtu aliujua kwa kidole gumba kilichopinda, uliangukia mpini mmoja na mkono wa Mwirigi, jirani aliyekuwa na kesi naye ya mpaka wa shamba tangu 1984. Ilichimba pamoja kutwa nzima bila neno. Mikono ya wachuma miraa, yenye ncha za vidole nyeusi kwa utomvu, ndiyo ilikuwa hodari kupita yote.

Mmoja ulibaki bila mwenzake. Ulikuwa wa mwalimu Thuranira, na bado ulikuwa na chaki kwenye kucha. Ulizunguka kidogo kwa haya, kisha ukaokota kijiti na kuchora udongoni: hapa sebule, hapa jiko, hapa banda la ng'ombe. Mwalimu alikuwa amekunywa chai mara nyingi katika nyumba ile na mkono wake ulikumbuka mlango ulipokuwa. Karwirwa alisimama juu ya mchoro, akanyoosha kidole kwenye banda.

"Hapa," alisema. "Alikuwa ameenda kumfungua ng'ombe."

Sepetu zote zikageukia hapo.

Karibu na adhuhuri Bile alikwenda na lori kutafuta mbao za kuzuia udongo usirudi. Aliporudi alikuwa na salamu.

"Nimempata mzee Koome mlangoni kwake," alisema. "Anakunywa chai na kushoto, nusu inamwagika. Amesema nikuambie yuko na wewe kwa maombi."

"Nashukuru," akasema Karwirwa.

"Nikamwambia mkono yako inafanya kazi mzuri, mzee. Akasema anajua, inamuuma. Anauliza itarudi saa ngapi, anataka kukama."

"Mwambie jioni."

Chakula kikaiva, githeri ya mahindi, maharagwe na viazi, na chai ya maziwa. Mikono ilikwenda kwenye beseni, ikasuguana hadi ikawa safi, ikapanga foleni. Kila mmoja ulipokea sahani yake kwa adabu, ukasimama pale nayo.

"Sasa hii itakula na nini?" Peninah akauliza.

Karwirwa aliifikiria sana. Desturi ni desturi. Akaiambia mikono ipeleke sahani nyumbani kwa wenyewe. Ikaondoka nusu kwanza, nusu baadaye ili kazi isisimame, sahani zimebebwa juu na hakuna punje iliyodondoka. Baada ya saa moja ikawa imerudi na sahani zimeoshwa. Mkono wa mwalimu Thuranira ulileta pia karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala huku na huku: asante, ila chumvi ilikuwa kidogo.

Peninah alitaka kuichana. "Hawa watu! Wamelala kwa nyumba, mvua haijawaguza, na chumvi wanapima!"

"Wacha wale, Peninah," Karwirwa alisema. "Mikono imefanya kazi. Chakula ni chake, iite mdomo inaoutaka."

Hakuwa anajikaza. Siku nne alikuwa ameutazama udongo ule akiwa peke yake, na ulikuwa haupungui hata kidogo. Sasa ulikuwa unapungua. Aliiangalia mikono ile, mikongwe na michanga, yenye sugu na isiyo na sugu, ikirusha matope nyuma bila kupumzika, na moyo wake ukajaa shukrani hadi akaona haya. Alipita katikati yake na birika, akiifunga vitambaa penye malengelenge.

Saa kumi alasiri sepetu ya Koome na Mwirigi iligusa bati. Mikono yote ikatupa sepetu, ikaanza kuchimba kwa vidole. Mithika alikuwa amelala ubavu, karibu na ng'ombe, na kamba aliyokuwa ameifungua ilikuwa bado mkononi mwake. Bile akageuza uso, akasoma dua yake taratibu.

Mikono thelathini na kitu iliingia chini ya Mithika, ikamwinua. Haikumvuta wala haikumtikisa. Ilimleta hadi kwenye majani makavu aliyotandika Peninah, ikamlaza. Kisha mkono wenye gumba lililopinda ukachovya kitambaa katika maji, ukampangusa matope machoni, jicho moja kisha jingine, polepole, kama mama anayemwosha mtoto aliyelala.

Hapo Karwirwa akaketi chini akalia. Hakuwa amelia tangu Jumanne. Ule mkono ulimaliza kazi yake, ukaja ukajiweka kwenye paja lake, naye akaushika kwa mikono yake miwili.

"Asante," aliuambia. "Wewe ulikuja."

Jioni, jua likiwa bado linaonekana, mikono ilirudi kwao. Ya wachuma miraa ilipunga kwaheri ilipofika kwenye kona.

Jumapili alifika Mukiri, mwana wa Karwirwa, karani wa serikali huko Embu, aliyetembea nusu ya safari kwa sababu daraja lilikuwa limekwenda na maji. Jumatatu asubuhi wakamzika Mithika, watu wakamweka. Umati ulijaa hadi kwenye migomba. Kila mmoja alikuwa na mkono wake wa kulia mahali pake. Mzee Koome alisimama kando ya kaburi, akainua kiganja chenye malengelenge watu wote wakione.

"Sisi si watu wa kusema tu," alisema. "Sisi ni watu wa kutenda."

Watu wakasema amina. Bile hakutajwa. Alikuwa nyuma ya migomba, akisafisha sepetu za watu ili azirudishe. Karwirwa ndiye aliyemtafuta, akampelekea chai, akamwita ndugu ya Mithika mbele ya Mukiri, na tangu siku hiyo Mukiri akamwita baba mdogo.

Wiki tatu baadaye kilima cha ng'ambo nacho kilishuka, juu ya boma la mtu aliyeitwa Rwamba. Karwirwa alisikia tangazo kanisani. Mzee Koome alifuta macho, akasema halali usingizi akiwaza watu wa ng'ambo. Halafu akasema safari hii watu wasisumbuane na mambo ya kuinua mikono. Waombe tu, Mungu aone mioyo. Waliomba kwa muda mrefu na kwa machozi ya kweli. Wanaume walikuwa wamesukuma mikono ya kulia ndani kabisa ya mifuko ya makoti. Wanawake walikuwa wameifunga chini ya shuka. Mwalimu Thuranira alikuwa ameukalia wake.

Ibada ilipokwisha, Peninah alikuwa ameshapanda lori la Bile nje ya lango, na majembe mawili. Karwirwa alimpitia mzee Koome mlangoni kumsalimu. Mzee alisita, kisha kwa kuwa watu walikuwa wakitazama, akautoa mkono mfukoni.

Karwirwa aliupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa juu yake. Ulikuwa na joto. Ulimshika kwa nguvu, ukaanza kumvuta kuelekea kwenye lori.

"Pole," aliuambia kwa sauti ya chini. "Wewe ni mtu mzuri sana."

"Asante, mama Mukiri," akasema mzee Koome, na kwa mkono wake wa kushoto akaanza kuvibandua vile vidole, kimoja kimoja.