Miche Mia Nane ya Adelgunda

Wazee wa ukoo walimwekea Adelgunda muda. Mumewe, Mwesiga, alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba pale Ihanda bila kuacha mtoto, na siku ya kuanua matanga walisema mjane wa namna hiyo hawezi kukalia kibanja, shamba la ukoo, bure. Aoteshe kahawa ya kujaza mteremko uliokuwa mtupu. Sikukuu ya Kupalizwa, katikati ya Agosti, wangekuja kuitazama. Asipokuwa nayo, arudi kwao Kibingo.

Akaotesha miche mia nane. Alijaza udongo kwenye viriba, akajenga kichanja cha nyasi juu yake, na asubuhi na jioni akapandisha maji kutoka bondeni. Noela, mke wa shemeji yake, alimbebea ndoo ya pili bila kuombwa. Kufika Juni majani yaling'aa kama yamepakwa mafuta.

Cleophace, kaka yake Mwesiga na mume wa Noela, alikuja akasimama pale muda mrefu, mikono nyuma.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Imestawi."

Juma lililofuata alikata migrevilea yote ya mpakani, upande unakotoka upepo. Ilikuwa miti yake, hakuna wa kumzuia. Kisha aling'oa ua wa matete. Jumapili, Adelgunda akiwa kanisani, nyasi za kichanja nazo zikaondoka. Zilikatwa shambani kwake, alisema, na ng'ombe wake hawana malalo.

"Nimegusa mche hata mmoja?" alimwuliza kwa upole. "Hesabu."

Ilikuwa Julai. Jua lilishuka lote juu ya viriba, na upepo mkavu ukapita kutwa. Saa tano majani yalilegea. Saa nane yalining'inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Adelgunda akamwagilia mara nne kwa siku. Udongo ukawa tope, na miche ikazidi kunyauka. Hakuelewa kitu kinawezaje kufa kwa kiu huku kimesimama majini.

Bibi shamba, Joanitha, alipita na pikipiki yake. Aligeuza jani moja, akamwonyesha upande wa chini.

"Hapa pana vitundu usivyoviona. Maji yanaingia kwa mizizi, yanatokea hapa. Kivulini, hewa ikiwa tulivu na yenye unyevu, yanatoka polepole. Jua likiwa kali na upepo ukavuma, yanatoka haraka kuliko mizizi inavyoyavuta. Ni kama nguo kwenye kamba. Usizidishe maji, mama, utaiozesha. Rudisha kivuli."

Adelgunda akataka kuihamishia chini ya migomba. Cleophace akawaleta wazee, nao wakasema mjane alipewa mteremko tu. Migomba ni ya ukoo, na majani yake ni ya ukoo. Akatandaza kanga zake, kisha mashuka, kisha koti la harusi la Mwesiga. Upepo ukavichana vyote. Siku ya Kupalizwa ilibaki miche thelathini na mmoja. Wazee waliitazama, mmoja akampa pole, wakaenda kunywa kwa Cleophace.

Kabla Adelgunda hajamaliza kufunga mizigo, gari lilishusha miche ya Cleophace, mizuri, ikapangwa palepale ilipokuwa ya Adelgunda. Cleophace mwenyewe akaondoka kwenda msibani Bukoba kwa siku sita. Noela akamfuata Adelgunda mlangoni.

"Dada, ameniachia miche hii na hakunieleza kitu. Nakumbuka wewe yako uliifunika. Lakini alipoondoa zile nyasi aliniambia ndizo zilizokuwa zinaiozesha. Niifunike, nisiifunike?"

Adelgunda alimtazama. Noela alikuwa mtu pekee katika mji ule aliyewahi kumtendea wema.

"Usiifunike," alisema. "Iache izoee jua. Mwagilia tu, tena sana."

"Asante, dada."

Bodaboda ikafika, akapanda na begi lake moja.

Wiki tatu baadaye mchuuzi wa ndizi kutoka Ihanda alipita Kibingo na habari. Miche ya Cleophace ilikauka yote, na aliporudi alimpiga mkewe kwa fimbo mpaka majirani wakavunja mlango. Noela yuko hospitali, mkono umevunjika.

"Anasema ni wewe uliyemfundisha," mchuuzi alisema. "Lakini hakuna anayemwamini. Watu wanasema anatafuta pa kuangushia lawama."

Adelgunda alikuwa akimenya ndizi.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Njia nzima ya kurudi kwao, siku ile, alikuwa amejiahidi furaha habari hii itakapomfikia. Akaingoja. Haikuja, wala majuto hayakuja. Akavuta mkungu karibu, akakata kichane kingine, na kumwuliza mchuuzi kama angependa kukaa ale.