Karatasi Zilizosemekana Zimeungua

Redio ndiyo iliyomtoa Kaltumu nyumbani Koboko. Alikuwa akichambua majani ya kunde aliposikia mtangazaji akisema kwamba anayetaka kujua asili ya watu wake aende Arua, kwenye ofisi ya kumbukumbu. Mafaili yapo tangu enzi za Waingereza, vita vya sabini na tisa havikuyagusa.

Kaltumu akaacha majani. Havikuyagusa? Mbona Kadijah, wifi yake, alimwambia yaliungua yote?

Mumewe, Siraji, alifariki mwezi wa tatu. Kaltumu akiwa kwenye eda, miezi minne na siku kumi bila kuvuka ua, ukoo ulianza kuandika orodha ya watoto wa mzee Kenyi, baba yake Siraji, askari wa zamani aliyewaachia kiwanja. Atakayesomwa humo, hata kama amefariki, nyumba yake ina sehemu, asiyesomwa atafute pengine. Palikuwa na maneno ya zamani kwamba Santa, mama yake Siraji, aliingia kwa Kenyi tayari amembeba Siraji mgongoni. Muzamili, mkubwa wa ukoo, hakuzunguka: "Lete karatasi ya ndoa ya Santa, mama. Bila karatasi, mimi siandiki."

Mjane wa eda angeileta vipi? Kadijah, binti wa Kenyi kwa mke mwingine, akajitolea. "Wewe kaa na eda yako. Miguu yangu ni yako." Akaenda Arua asubuhi, akarudi jioni na fungu la samaki mkavu, uso umechoka. "Pole, dada. Wanasema moto ulikula yote." Kaltumu alikula samaki wale akamwombea dua. Hakuacha kumwombea, kwa jina lake, kila baada ya swala.

Sasa eda imekwisha, na orodha itasomwa Jumapili. Alhamisi Kaltumu akajifunga mtandio, akaenda Arua bila kumwambia mtu.

Ofisini alimkuta msichana aitwaye Annet, mikono imejaa vumbi.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Alipotea lini?"

"Mwaka hamsini na nane hivi."

Annet akacheka. "Basi amepotea sana. Lakini kama iko kwa karatasi, tutamupata."

Akaleta jalada la ndoa za Waislamu wa Koboko, limefungwa kwa kamba. Kaltumu aliishia darasa la sita. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Adhuhuri ilipofika aliomba pembe ya chumba, akaswali kati ya makabati, akarudi kitini. Ukurasa wa kumi na tisa, kidole kikasimama. Kenyi, askari mstaafu. Santa, binti wa Aliga. Mashahidi wawili. Mwaka 1958.

Siraji alizaliwa 1960, kitambulisho chake kilisema hivyo. Mgongo gani wa mwanamke ulibeba mtoto ambaye hajazaliwa?

"Alhamdulillahi," akasema taratibu, na machozi yakamtoka. Annet akapiga nakala, akagonga muhuri.

"Sasa saini hapa, mama." Akachomoa kadi kutoka mfuko wa nyuma ya jalada. "Kila mutu anafungua faili anasaini. Hata mukubwa akikuja."

Kwenye kadi palikuwa na jina moja tu. Kaltumu hakuhitaji kidole kulisoma. K ile yenye mkia mrefu aliijua, ni ya mkono ulioandika majina ya waliokuja kuhani msiba wa Siraji. Kadijah Kenyi, tarehe 21 Mei.

"Huyu ninakumbuka," Annet akasema. "Alikaa mpaka tunafunga. Nikauliza, nikupigie nakala? Akasema hapana, ameshaona."

Kaltumu akachukua kalamu. Kisha akaandika jina lake chini ya lile, herufi moja moja, kama alivyofundishwa shuleni.

Alifika Koboko jua likishuka. Kadijah alikuwa akimsubiri uani, amemchemshia chai.

"Ulikuwa wapi, dada? Mlango umefungwa siku nzima. Nikasema leo mjane ametoroshwa."

"Nilikuwa Arua."

Birika likabaki mkononi mwa Kadijah. "Arua iko nini?"

"Karatasi iko. Jina la Santa iko." Kaltumu akaketi. "Jina lako pia iko. Tarehe ishirini na moja, siku ile ya samaki."

Kadijah alilitua birika chini, akalifunika vizuri, kana kwamba hilo ndilo lililobaki la kutengeneza.

"Watoto yangu wako sita, Kaltumu," akasema. "Kiwanja iko moja."

"Na Siraji alikuwa ndugu yako."

"Siraji amekufa."

Kaltumu akaitoa nakala kifuani, akaikunjua, akamwonyesha muhuri bila kuiachia. "Jumapili nitampa Muzamili. Wewe ndiye ulisoma sana, utawasomea."

Kadijah akaondoka bila kuaga. Adhana ya magharibi ikalia. Kaltumu akatawadha, akaswali, akaiweka nakala chini ya mkeka, akaikalia. Akamwombea Siraji. Akamwombea Santa, ambaye hakuwahi kumwona. Kisha akafika pale ambapo miezi yote hiyo lilifuata jina la Kadijah. Akangoja. Halikuja.

Akainuka, akaimwaga chai.