Mboga ya Ijumaa

Kila jioni kabla ya taarifa ya habari, mimi humfunga baba mkanda wa mashine ya presha mkononi, naye hutulia kama mtoto anayekatwa kucha hadi mashine ilie. Ijumaa hiyo hakungoja. Aliufungua mkanda ukiwa bado unajaa hewa, akanyoosha mkono.

"Mami, nipe simu. Leo naagiza mwenyewe."

Huniita mami kwa sababu nina jina la mama yake, Wangare. Akiniita hivyo siwezi kumkatalia kitu. Nikampa.

Kwetu Kiamunyi, Ijumaa ni siku ya chakula cha Wachina. Mama yangu, Waithera, ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, baba alipoacha kazi ya kupasua mbao Elburgon tukahamia Nakuru. Alisema mtu aliyekula vumbi la mbao maisha yake yote anastahili kupikiwa. Alikuwa akirudi kutoka mjini na mfuko wa moto unaonukia tangawizi, nami namuuliza hata kabla hajavua viatu, "Mboga ni nini leo?" Naye ananijibu, "Nyama ya asali." Hilo ndilo jina alilolipa nyama ya nguruwe iliyokaangwa na kumwagiwa mchuzi mtamu mwekundu. Makopo ya plastiki aliyaosha, akayatilia maharagwe ya wiki. Mpaka leo friji yetu imejaa makopo hayo.

Mama alianguka mwezi wa nne akianika nguo. Presha. Hatukujua hata kama alikuwa nayo. Baada ya mazishi daktari alimpima baba, akakunja uso: yake pia ilikuwa juu. Akamwambia apunguze chumvi, mafuta na wali, aongeze mboga. Mimi nilisomea lishe chuoni, na mambo hayo naweza kuyaeleza mbele ya darasa zima. Mbele ya baba sithubutu.

Baba aliweka simu kwa spika. Nekoye, msichana anayepokea simu pale kwenye hoteli ya Wachina, alimtambua mara moja, akamtania kwamba leo bosi mwenyewe ameshuka. Baba akacheka. Sikuwa nimelisikia cheko hilo tangu tulipomzika mama. Kisha akaagiza kwa fahari ya mtu anayefuata masharti: wali nusu, lakini nyama ya asali mara mbili.

"Daktari amesema niongeze mboga," alieleza.

Nekoye alikohoa kidogo. "Mzee Kang'ethe, hiyo mboga yako si ina miguu minne?"

Kwetu, chochote kinacholiwa na ugali au wali ni mboga, hata kiwe nguruwe mzima. Daktari hakulikumbuka hilo, wala mimi. Siku hizo zote baba alikuwa akiongeza nyama kwenye sahani yake kwa moyo safi, akiamini anajitibu. Nilitaka kucheka, lakini nikamwona baba akilini mwangu amelala chini ya kamba ya nguo, mahali palepale alipoanguka mama.

Nikaisogelea simu. Nikamwomba Nekoye atuwekee wali mweupe badala ya ule wa kukaanga, samaki wa mvuke na tangawizi, na brokoli na kabichi, mboga za majani kabisa, mafuta kidogo. Ile sosi nyeusi waifunge kando, maana ni chumvi tupu. Baba alinung'unika tu kwamba hicho ni chakula cha wodi.

"Sawa," Nekoye alisema. "Na nyama ya mathe? Hiyo nisiguse, ama?"

Tulikuwa bado tunaagiza ya watu watatu. Kila Ijumaa tangu mazishi nilikuwa nikisema "kama kawaida," Nekoye ananiambia nimsalimie mathe, yaani mama, nami najibu kwamba salamu zitafika. Kopo la tatu lilikaa mezani mbele ya kiti cha mama. Jumamosi baba alilimaliza peke yake jikoni, amesimama, amenipa mgongo.

"Haloo? Bado mko?"

Niliifunika simu kwa kiganja. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, ya chuoni na ya nyumbani, kuhusu chumvi, mafuta na mishipa ya damu.

"Baba, naogopa," nikamwambia. Hayo tu ndiyo yaliyotoka.

Alinitazama, kisha akakitazama kile kiti. Akauondoa mkono wangu taratibu, akaiinamia simu.

"Nekoye, mama Wangare alifariki," alisema. "Tumekuwa tukiagiza chakula chake ili tusiseme hivyo."