Nyeupe Nyumba Nzima

Miaka mitatu mjane yule alihangaika kutafuta fundi rangi wa maana, na kila aliyempata alimtoa jasho. Wa kwanza aliingia mitini na makopo mawili ya rangi. Wa pili, mvivu wa kutupwa, alipaka kulizunguka kabati badala ya kulisogeza. Basi kitinda mimba wake alipomletea fundi aliyefika saa moja kamili, akatandaza magazeti sakafuni na kukwangua ukuta kabla ya kugusa brashi, mama alimwombea mwanawe dua ndefu. Maskini ya Mungu, alidhani amezaa.

Siku ya tatu alimpelekea fundi chai.

"Baba, sebuleni nataka kijani hafifu. Chumbani kwangu weka ile ya maziwa."

Fundi akashuka ngazi taratibu. "Mama yangu, mimi nimeambiwa nyeupe nyumba nzima."

"Nani kasema? Anayelala humu ni mimi."

"Bosi, mwanao. Anasema wanunuzi hawapendi rangirangi."

Akaona uso wa mama ulivyobadilika, akaweka rola chini. "Nilijua mmeshazungumza. Nisamehe, mama. Siwezi kukudanganya ndani ya nyumba yako."

Mama akakaa juu ya ndoo ya rangi. Nyumba hii aliijenga na marehemu mumewe, tofali kwa tofali. Mwaka jana mwanawe alimletea karatasi, eti za kodi ya kiwanja, naye akatia sahihi bila kusoma, kwa kuwa mtu hamkagui mwanawe. Kumbe alikuwa anamkabidhi nyumba.

Jioni kijana akaingia akipiga mluzi, akapitisha kiganja ukutani. "Umeona, mama? Kazi safi."

"Wanunuzi wanakuja lini?"

Mwenye haya angeinamisha kichwa. Angetafuta hata uongo wa kumpoza mama yake. Yeye akamgeukia fundi, macho yamemtoka.

"We mzee, nimekuleta upake rangi au upayuke? Kusanya vyombo vyako uondoke."

Fundi akakusanya vyombo, akamuaga mama kwa adabu, akaenda zake. Kijana aliendelea kumbwatukia mpaka mzee wa watu akapotea mwisho wa njia, kisha akatoa simu kutafuta fundi mwingine wa kumalizia chumba cha mama. Nyumba, mama angeweza kuililia. Huyu wa kumzaa, hakujua aanze kumlilia wapi.