Serumu Iko

Mounira binti Iliasi alikuwa na famasi ndogo katika soko la Kasongo, na alikuwa na ugonjwa wa wafanyabiashara wote wa soko lile: hakujua kusema "hakuna". Pale neno hilo halisemwi. Mteja akiulizia kitu usicho nacho, unamwambia, "Iko, ikala kidogo," yaani keti ungoje, halafu unachomoka kwa mlango wa nyuma hadi kwa jirani, unakichukua, unarudi nacho unahema, na faida mnagawana. Marehemu baba yake aliuza hivyo maisha yake yote, na hakuna aliyemwita mwongo, kwa kuwa jirani alikuwa mlango wa pili.

Simu ndizo zilizokuja kuharibu. Siku hizi hata mkulima wa muhogo ana simu ya kioo, na kabla hajatoka kwake anaiuliza kwanza: dawa fulani iko wapi? Duka linalotokea juu ndilo linalompata. Aliye chini na aote jua. Théophile, mwenye famasi mpya karibu na maegesho ya pikipiki, alilijua hilo mapema, na wateja wa Mounira wakaanza kupungua. Ndipo akamwita Dady, fundi wa simu, amwingizie duka lake kwenye ramani.

"Yaya Mounira," Dady alimwambia kwa heshima ya dada mkubwa, "batu ba huku banatafuta nini sana kwa simu? Serumu ya nyoka, ile sindano ya kuua sumu. Tuandike kama iko kwako. Utapanda juu, Théophile atabakia chini."

"Lakini mie sina serumu."

"Si batakuja? Bakishafika, batanunua dawa ingine."

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dady akakitembeza kibaya mpaka Kabambare. Tena akaweka picha ya mwanamke mgeni mwenye koti jeupe na miwani, aliyemwokota huko mtandaoni, eti sura ya Mounira ilikuwa imechoka mno kuvuta wateja. Mounira alicheka. Alijua si vizuri, lakini alicheka, na wateja walipoanza kurudi akaacha kabisa kulifikiria jambo lile.

Asubuhi moja simu ikalia wakati anapanga chupa.

"Alo! Ni kwa famasi? Niko Raphaël, niko Wamaza. Nyoka imeluma muke yangu kwa shamba ya karanga. Mama, serumu iko?"

Ulimi hauna mfupa. Kabla akili haijafika, ulimi wake ulikwishajibu kama ulivyojibu miaka yote.

"Iko. Mukuje mbio."

"Aksanti, mama! Naye mwenyewe amekusikia, simu iko na sauti kubwa. Tulikuwa tunaenda kwa masista, lakini simu imesema kwako iko sana. Tunageuza."

Simu ikakatika.

Mounira alibaki ameishika sikioni. Kwa mara ya kwanza alikisikia mwenyewe alichosema. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Barabara ile ikishaacha kilima cha Wamaza haina mtandao, hilo kila mtu analijua. Akakimbilia kwa Asma, muuguzi, jirani yake.

"Serumu?" Asma alisema. "Huku yote imeisha. Imebaki kwa zahanati ya masista, kule upande wa Kabambare. Kuna nini?"

Mounira aliogopa kumjibu. Aliwaza mgonjwa akifia mlangoni pake mbele ya soko zima, aliwaza mawe juu ya bati, aliwaza jina la baba yake. Na nyuma ya hofu hizo kulikuwa na nyingine iliyozishinda zote: mama wa watu alikuwa ameipa mgongo dawa yake, na kila alivyosogea Kasongo ndivyo alivyozidi kukiendea kifo.

Akapanda pikipiki ya Djuma, dereva aliyeegesha mbele ya duka.

"Barabara ya Wamaza. Usiulize kitu."

Njia nzima macho yake yalikuwa mbele. Kila pikipiki iliyotokea kwenye kona ilimfanya ashike shati la Djuma, kisha inakuwa ni mikungu ya ndizi, au kuku, au padri. Alimwomba Mungu wasipishane. Akamwomba tena wasipishane mahali penye mwendo mkali asiweze kuwasimamisha. Walipofika daraja la magogo, ambapo kila pikipiki lazima isukumwe kwa mkono, akamwambia Djuma asimame. Wakangoja. Kungoja kulikuwa kubaya kuliko mwendo.

Walitokea watu watatu juu ya pikipiki moja. Dereva mbele, mume nyuma, na katikati mwanamke aliyefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva asianguke. Mguu wake ulikuwa umevimba mpaka umepoteza umbo.

Mounira alisimama katikati ya daraja, mikono juu. "Papa Raphaël! Mugeuze! Serumu haiko Kasongo. Iko kwa masista."

Raphaël alimtazama juu hadi chini: mwanamke mwenye vumbi, ushungi umelegea. "Wewe nani?"

"Ni mie mwenye famasi."

Akatoa simu mfukoni. Ukurasa ulikuwa bado umefunguka pale alipouachia, na yule wa koti jeupe akichekelea. "Mwenye famasi ni huyu. Na hapa imeandikwa: serumu iko. Wewe batu ba ile famasi ingine bamekutuma utuzuie njiani."

"Wallahi, ni mie! Nilidanganya. Sijakuwa nayo hata siku moja."

"Mama, toka kwa njia."

"Piga ile namba, utaona simu yangu italia!"

"Rezo ya simu haiko huku. Toka!"

Akaanza kusukuma pikipiki. Mounira aliushika usukani, akaburutwa, akaanguka kwa magoti juu ya magogo, akilia na kupiga kelele: "Mugeuze! Mugeuze mbio!"

Ndipo yule mwanamke akafumbua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Raphaël," alisema polepole. "Ni yeye. Ile sauti. Ile ilisema iko, mukuje mbio. Njia yote niko naisikia."

Raphaël akaacha kusukuma. Hakumtukana. Mounira angependa atukanwe. Yeye na dereva wakaigeuza pikipiki kwa shida pale juu ya magogo na kurudi walikotoka.

Jioni ile ile Dady aliyafuta maneno yale mbele yake. "Imekwisha, yaya."

Kesho yake namba ya Raphaël ikaita. Mounira aliiangalia ikilia, kisha akapokea bila salamu.

"Muke yangu Laetitia iko, anapumua," Raphaël alisema. "Mungu amesaidia. Lakini mguu bataukata. Daktari anasema kama tulifika asubuhi ile... Mama, toa ile maneno kwa simu."

"Nimeshaitoa, papa."

"Hapana. Niko naiangalia hapa. Iko."

Dady, alipoitwa, alieleza kwamba kwenye simu za wengine itachukua siku kadhaa kuondoka. Nyingine zimekwishaihifadhi, na watu wametumiana picha ya ukurasa ule, na hakuna ajuaye wangapi. Mounira hakumsikiliza hadi mwisho. Alichukua benchi lake, akalitoa nje, akaliweka mahali anapoona barabara ya Wamaza. Tangu hapo huketi pale. Kila pikipiki inayokuja na watu watatu humfanya asimame, amtazame yule wa katikati, aone kama anakaa kwa nguvu zake mwenyewe.